Nilimwaga ugali wa kukhu

Wasee, leo nakiri kosa. Ni kitu sijawahi kumwambia mtu, hata mamangu.

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, siku ya wazazi. Kama umesoma bweni unajua hiyo siku huwa si ya wazazi, ni siku ya chakula. Wazazi ni wabebaji tu. Mnakaa kwa nyasi na familia yako, halafu kila mtu anachungulia leso ya jirani kuona imebeba nini. Upande huu kuku wa kukaanga na chapo zimepangwa kama vitabu. Upande ule pilau, keki, soda ya lita mbili. Mama alikuwa Nairobi na kazini walimnyima ruhusa, kwa hivyo aliyekuja kuniona ni kukhu, yaani nyanya yangu, kutoka ushago kule Kakamega. Alipanda matatu mbili na boda moja. Kwa kikapu alikuwa na ugali wa wimbi uliofungwa kwa majani ya ndizi, mrenda kwenye sufuria ndogo, na mkebe wa Blue Band uliojaa kumbikumbi wa kukaanga.

Akafungua. Jamaa mmoja wa bweni letu akapita, akaangalia, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi lango kuu, "Buda, hiyo ugali iliungua ama?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Nilicheka nikiwa nimekaa kando ya mtu aliyeamka saa tisa usiku kunipikia.

Nikamwambia kukhu nimeshiba, ati tulipewa chai nzito asubuhi. Akasema sawa, utakula jioni. Nilipomsindikiza nikarudi, nikazunguka nyuma ya jikoni, nikamwaga kila kitu kwa pipa la chakula cha nguruwe. Nikaosha vyombo vizuri. Usiku tukapewa ugali mweupe na kabeji inayoelea kwa maji, nikala nikamaliza.

Likizo ilipofika nikamrudishia vyombo vyake. Akaniuliza, "Ulikula ukamaliza?" Nikasema ndiyo. Tena nikaongeza, kilikuwa kitamu sana.

Ni miaka saba sasa. Na kuna swali limekuwa likinisumbua: nani aliniambia ugali wa wimbi ni wa kuonea aibu? Hakuna mwalimu aliyefundisha hivyo. Mama hajawahi kusema hivyo. Lakini watoto arobaini kutoka kaunti tofauti walijua, bila kuambiwa, kwamba ugali mweupe ni chakula na ule mwingine ni kichekesho. Kitu ambacho watu wengi hivyo wanakijua bila kufundishwa huwa kina historia. Nikaanza kuitafuta. Hii hapa ndiyo niliyopata, na maoni yangu nimeweka ndani yake.

Mgeni mwenye jina la kupotea

Uliza Mkenya yeyote chakula cha mababu zetu ni gani. Atakwambia ugali, na kichwani mwake anaona ule mweupe pe, wa unga wa pakiti.

Sasa sikia. Mahindi ni ya Mexico. Wakulima wa kule walianza kuyalima karibu miaka 9,000 iliyopita. Walichukua nyasi ya mwituni inayoitwa teosinte, wakawa wanachagua mbegu iliyo bora kizazi baada ya kizazi, hadi ikawa gunzi tunalolijua. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuliona hindi kabla ya Wazungu kuvuka bahari kwenda Amerika mwaka wa 1492 na kurudi na mbegu. Wareno walitia nanga Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, na katika karne zilizofuata mmea huo ukaanza kulimwa visiwani na pwani.

Hata jina lenyewe linasimulia. Mahindi, yaani kitu cha Hindi. Watu wa pwani walikuwa wamezoea vitu vipya kuja na majahazi kutoka upande wa India, kwa hivyo nafaka hii ngeni nayo wakaipa jina la huko. Kila siku tunataja nchi isiyohusika, na hakuna anayeshtuka.

Kabla ya hapo watu walikula nini? Wimbi, ule Watanzania wanauita ulezi. Mtama. Mawele. Viazi vikuu na ndizi kwa wenye mvua, maziwa na damu kwa wafugaji. Wimbi wenyewe ni mwenyeji kabisa: ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita kwenye nyanda za juu za pande hizi, kuanzia Ethiopia hadi Uganda.

Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku. Wimbi ulivuka bahari zamani sana ukafika India. Huko wanauita ragi. Jimbo la Karnataka wana chakula kinaitwa ragi mudde: unga wa wimbi unasongwa kwa maji moto, unaviringwa kama mpira, unachovywa kwa mchuzi. Tafuta picha. Ni ugali wa kukhu, pacha kabisa. Na hao watu hawauonei aibu. India ndiyo iliyopendekeza kwa Umoja wa Mataifa kwamba mwaka wa 2023 uwe mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi ndogondogo, na ikakubaliwa. Yaani nafaka ya kwetu ilipigiwa debe mbele ya dunia nzima na watu walioipokea kutoka kwetu, na sisi tukiimwaga nyuma ya jikoni.

Vile mweupe alishinda

Tuwe wakweli kwanza. Mahindi hayakushinda kwa hila peke yake. Yana uzuri wake.

Mtama na wimbi vinabeba punje juu, wazi, mbele ya kila ndege mwenye njaa. Zamani kazi ya watoto ilikuwa kukaa shambani kutwa nzima na kombeo na debe, kufukuza ndege. Hindi lina maganda yake, limejifunika lenyewe. Sasa fikiria shule zimefunguliwa na mtoto anatakiwa darasani asubuhi. Nani atafukuza ndege? Halafu wimbi una kazi ya mikono. Palizi yake ni ya kuinama, magugu yake yanafanana nao ukiwa mchanga, na kuvuna ni kukata suke moja moja kwa kisu. Mama aliyekuwa na watoto watano shuleni alipochagua mahindi, alikuwa amepiga hesabu vizuri tu.

Lakini hesabu hiyo ilisukumwa pia na watu wengine.

Mwaka wa 1914 vita vya kwanza vya dunia vikafika Afrika Mashariki. Waingereza walihitaji watu wa kubeba mizigo ya jeshi wakipigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Wakawachukua wanaume kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikakifanya Kariakor. Ndiyo, Kariakor ile ya Nairobi unayoenda kula nyama. Dar es Salaam kuna Kariakoo. Ni jina moja, na kidonda ni kimoja.

Hao wapagazi walilishwa posho. Neno hilo maana yake ni mgao, chakula unachopimiwa. Mgao wenyewe mara nyingi ulikuwa unga wa mahindi, umesagwa vibaya, na kuni na muda wa kuupika hauko. Watu waliolelewa kwa wimbi, ndizi na mtama wakala unga mbichimbichi, matumbo yakaharibika. Makumi ya maelfu hawakurudi nyumbani, na magonjwa, kuhara kukiwemo, yaliua wengi kuliko risasi. Halafu neno likabaki. Uganda hadi leo ugali wa mahindi wanauita posho. Nilipojua hilo nilikaa kimya kidogo. Tunakipa chakula jina la mgao wa mtu asiye na hiari.

Vita vilipokuwa vinaisha, mwaka wa 1918, mvua ikakosa, njaa ikaingia, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia ikafika huku pia. Watu wakala kila kilichokuwa ghalani, hadi mbegu za wimbi na mtama. Ukishakula mbegu, msimu ujao unapanda nini? Unapanda unachopewa. Na kilichokuwa kikigawiwa ni mbegu ya mahindi.

Je, mbona meupe? Kwa sababu mahindi ya kwanza kufika hayakuwa meupe tu. Yalikuwa ya kila rangi: manjano, mekundu, ya zambarau, ya madoadoa. Walowezi wa Kizungu waliochukua mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu ndio waliopanda kwa wingi aina nyeupe, mbegu zilizotoka Marekani kupitia Afrika Kusini. Walikuwa wanalima kuuza nje. Viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka mahindi meupe, na reli ikapunguza nauli ya kuyafikisha Mombasa. Weupe wa ugali wako ulianza kama mahitaji ya mnunuzi wa London ambaye hajui hata kusonga.

Kisha ikawa mzunguko. Miaka ya 1930 dhahabu ilipopatikana kwetu Kakamega, watu waliokwenda kuchimba walilishwa posho. Mashamba ya chai, posho. Reli, posho. Jela, posho. Mwaka wa 1942, katikati ya vita vya pili, serikali ya kikoloni ikaweka soko lote la mahindi chini ya udhibiti wake, na mlowezi akalipwa bei ya juu kuliko Mwafrika kwa gunia lile lile. Wimbi haukuwa na bodi wala ghala la serikali, na treni haikuusubiri.

Uhuru ulikuja 1963. Mwaka uliofuata, watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara inayoitwa H611. Walipandanisha mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador, na mavuno yakapanda. Wakulima wadogo waliipokea haraka sana. Na mimi siwalaumu. Hiyo mbegu ilijaza maghala na kulipa karo. Inawezekana hata karo ya mamangu.

Lakini ona kilichotokea kwa muda mfupi hivyo. Mtu aliyezaliwa 1900 katika ushago wetu alianza maisha yake kwa ugali wa wimbi. Mjukuu wake aliyezaliwa 1960 aliona ugali mweupe ndio ugali, na ule mwingine ukahitaji kuelezwa: "ugali wa wimbi." Ukisikia kitu kimeongezewa maelezo ya jina, jua kimesukumwa pembeni.

Mwaka wa manjano

Kama bado hujaamini kwamba ulimi unafundishwa, sikia ya 1984.

Mwaka huo ukame ulipiga Kenya vibaya. Serikali ikaagiza mahindi kutoka nje, na mengi yalikuwa ya manjano kutoka Marekani. Waulize wazazi wako kuhusu "yelo". Kila mtu wa umri huo ana hadithi. Kukhu anaikumbuka kama jana. Ananiambia walipanga foleni na gorogoro mkononi, na waliposonga ule ugali, watoto wakakataa. Ati unanuka. Ati huo ni wa ng'ombe. Jirani yake mmoja alikuwa akipika usiku tu, ili watoto wasione rangi.

"Na ulikuwa mbaya kweli?" nikamuuliza.

Akafikiria. "Uchungu wake ulikuwa wa kupewa," akasema.

Hapo kuna kitu. Manjano katika mahindi inatokana na rangi za jamii ya karotini, jamii ile ile iliyo kwenye karoti, na baadhi yake mwili unazigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe karibu hayana. Kwa lishe, yale ya njaa yalikuwa na kitu ambacho haya ya raha hayana. Lakini hakuna aliyekuwa anaonja vitamini. Watu walikuwa wanaonja njaa, foleni, na kusaidiwa. Miaka sitini au sabini tu nyuma yake, mahindi ya manjano yalikuwa yakimea kwenye mashamba ya hawa hawa watu, kando ya mekundu na meupe, na hakuna aliyeshtuka.

Songa mbele hadi 2017. Unga umepanda bei, uchaguzi uko mlangoni, serikali inatoa ruzuku na pakiti ya kilo mbili inauzwa shilingi 90. Mwezi Mei meli inatia nanga Mombasa na karibu tani 30,000 za mahindi meupe. Kutoka wapi? Mexico. Nchi nzima ikabishana imefikaje haraka hivyo. Mimi nikisoma habari hiyo leo, nawaza tu: mahindi yametoka kwao, yamefika kwetu, na mwanasiasa anapiga picha na unga akisema analinda chakula cha Mkenya.

Kinyaa kina mwalimu

Ugali ni mfano tu. Angalia sahani yote.

Sukuma wiki tunaiona ya kwetu hadi tumeipa jina la shida zetu. Ukoo wake ni wa pande za Mediterania. Kabeji, Ulaya. Lakini managu, saga, kunde, terere, mrenda, hizo zilizokuwa hapa tangu zamani, zikaitwa mboga za kienyeji, na kwa miaka mingi mafunzo ya kilimo yakazichukulia kama magugu. Yaani mkulima alifundishwa kung'oa managu ili apande kabeji.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuzirudishia heshima ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Akiwa mtoto, nyama, samaki, mayai na maziwa vilikuwa vinamdhuru, kwa hivyo alikua kwa mboga hizo za kienyeji. Alipokuja kuwa mtafiti akakuta hakuna anayezihesabu kama mazao, akaanza kuzifanyia utafiti miaka ya 1990: mbegu, mbolea, lishe, mapishi. Leo managu iko supamaketi imefungwa kwa kamba nzuri, na bei yake inazidi ya sukuma. Ladha haijabadilika. Uchungu ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anaonekana akiila.

Na kumbikumbi? Sawa, najua. Hapo nusu yenu mmesema "aii, hiyo zi." Lakini kuna watu wanakula kamba wa baharini wakipiga picha, na kamba ana miguu kumi na ndevu ndefu kuliko za babu yako. Kumbikumbi mwenyewe anakuja na mvua, anaruka msafi kutoka ardhini, ana mafuta na protini, na ukimkaanga kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi kidogo, anakuwa kama karanga iliyojaliwa. Usipotaka, usile. Hakuna anayekulazimisha. Ila usiseme "siwezi kula" kama vile ni ukweli kuhusu kumbikumbi. Ni ukweli kuhusu wewe na ulikolelewa.

Huo ndio msimamo wangu wote kwenye hii stori. Kutopenda kitu ni haki yako. Mimi mwenyewe mrenda bado unanishinda kidogo, ule mvutano wake unanifanya nifunge macho. Lakini kuna tofauti kati ya "hii siipendi" na "hii ni ya watu wa chini." Ya kwanza inatoka mdomoni mwako. Ya pili uliwekewa.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Ulikunywa uji wa wimbi ulipokuwa mtoto? Karibu kila Mkenya alikunywa. Mama aliyetoka kujifungua anaupewa, mgonjwa anaupewa, mtoto wa miezi saba anaupewa. Tunauamini na watu tunaowapenda zaidi, wakiwa dhaifu zaidi. Sasa huo uji ukizidisha unga na kupunguza maji, unapata nini? Unapata kile nilichomwaga. Ni unga ule ule. Kwa kikombe tunauita lishe, kwa sahani tunauita ushamba.

Si kila kitu ni ukoloni, lakini

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Kwa hivyo tuache ugali mweupe? Umeanza mambo ya wanaharakati." Hapana bana. Mimi ugali mweupe nitakula hadi kesho. Miaka mia moja inatosha kitu kuwa chako. Chapo ilitoka India na ujaribu kuniambia si ya kwetu tutapigana. Watu huhama, mbegu huhama, na mwenye njaa hamuulizi punje pasipoti.

Ninachopinga ni kusahau. Kwa sababu kusahau kuna gharama, na tumeshaanza kuilipa. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kaskazini na mashariki mwa nchi. Mahindi hayasamehe hilo. Yakikosa maji wakati wa kutoa ndevu, yamekwisha. Mtama unaweza kukunja majani, ukasubiri, mvua ikirudi ukaendelea. Wimbi uliokauka vizuri unakaa ghalani miaka mingi bila wadudu kuugusa, ndiyo maana wazee waliuweka kama benki ya njaa. Hizo ni akiba ambazo watu wa hapa walizijenga kwa maelfu ya miaka, na kizazi chetu kinaweza kuzipoteza kwa sababu ya kicheko cha kwa nyasi siku ya wazazi. Mkulima hapandi asichoweza kuuza, na hakuna wa kumuuzia kama sisi wa mjini tunaona haya kuagiza.

Na kejeli ya mwisho: unga wa wimbi sasa una bei kuliko wa mahindi. Wenye nazo Nairobi wanaukula kwa ushauri wa daktari wa sukari. Chakula nilichokionea aibu kwa kuwa cha maskini, maskini hawezi tena kukinunua.

Jikoni kwa kukhu

Desemba iliyopita nilienda ushago. Jiwe la kusagia la kukhu lipo, lakini sasa linazuia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo. Wimbi haulimi tena, magoti. Nilinunua kilo mbili sokoni, nikampelekea, nikamwambia anifundishe.

Hakuuliza kwa nini. Alitafuta muhogo mkavu tuchanganye kidogo ili ushikane, akanituma kisiagi. Tuliporudi jikoni akakaa kwa kigoda, akaniachia mwiko. Ugali wa wimbi hausongwi kwa haraka, unashika kama tope la Aprili, na mkono wangu wa mjini uliomba poo mapema. Moshi ukaniingia macho. Nikaona hapo ndipo pazuri pa kusema, kwa sababu ukilia kwa moshi hakuna anayejua.

"Kukhu, ile siku ya wazazi. Ule ugali sikuula. Niliumwaga."

Akaendelea kuchambua mrenda.

"Najua," akasema. "Ule mkebe ulirudi umeoshwa. Wewe tangu uzaliwe hujawahi kuosha chombo."

Halafu akacheka. Alicheka sana, mpaka akaweka mboga chini ajishike mbavu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa karipio au kwa huzuni, na sikuwa nimejiandaa kabisa kwa hilo. Alijua miaka yote saba, na kila likizo alinipikia wali.

Nikamuuliza mbona hakusema kitu. Akaniambia kwamba na yeye, akiwa msichana mdogo, aliwahi kumficha mamake ugali wa wimbi chini ya kitanda alipokuja nyumbani na rafiki, mtoto wa mwalimu. Kwao rafiki walikula mweupe.

Kwa hivyo hii aibu si yangu peke yangu. Nimeirithi, kama pua. Tofauti ni kwamba sasa najua ilikotoka, na kitu ukijua kilikotoka unaweza kukirudisha.

Tulikula sisi wawili. Ugali wenyewe ulikuwa na mabonge, kosa langu. Lakini una ladha ya udongo uliopata mvua na utamu kidogo mwishoni ambao ule mweupe hauna. Nilimaliza. Kukhu akaangalia sahani, akaangalia mimi, akasema, "Hiyo usioshe. Acha niione."

Sasa wewe. Ni chakula gani cha kwenu uliwahi kukificha? Niandikie hapo chini. Na ukienda nyumbani wikendi hii, agiza hicho. Kwa sauti.